Miaka Thelathini na Saba ya Sista Eufrazia Kobero, Mwalimu wa Wauguzi wa Wazee

Tarehe 30 Juni 2025 Sista Eufrazia Kobero anastaafu baada ya miaka thelathini na saba ya uuguzi, minane ya mwisho akiwa mratibu wa Stashahada ya Uzamili ya Uuguzi wa Wazee katika Chuo cha Uuguzi Bondwa, Morogoro. Kamati ya sherehe ilinipa ukurasa mmoja na nusu wa kitabu cha ratiba. Niliomba kuongezewa, wakaniongezea, na bado nimezidisha. Naomba mnivumilie.

Mimi, Pili, mwanafunzi wake wa zamani, naandika kwa mashaka, na ni haki msomaji ajue sababu. Baadhi ya mambo yaliyomo humu si ya kawaida kusomwa mbele ya wageni waalikwa, keki na maspika. Katika rasimu ya kwanza niliyaacha. Nilipompelekea aisome, aliirudisha ikiwa na mistari miwili ya kalamu nyekundu: "Pili, umeniandika vizuri mno. Andika na mwaka jana." Kwa hiyo nimeuandika.

Alizaliwa mwaka 1965 Nyandira, upande wa Mgeta, katika familia ya wakulima wa kabichi na njegere. Waliowahi kufika huko wanajua kwamba shamba tambarare ni la kutafuta. Mtoto anajifunza kupalilia huku ameegemea mlima. Alisoma shule ya misheni, akachaguliwa kusomea uuguzi, na Julai 1988 akaanza kazi katika wodi ya wanawake ya hospitali moja ya misheni, alikoanza kuitwa Sista kama wauguzi wote wa huko, ingawa si mtawa. Siku ya kwanza alikabidhiwa bibi aliyekataa kuoga. Eufrazia, binti wa miaka ishirini na mitatu, alimbembeleza tangu asubuhi hadi mchana, mwishowe bibi akakubali kwa sharti kwamba muuguzi naye aoshwe miguu. Matroni alipoingia alimkuta mgonjwa amekaa kitini anamsugua muuguzi visigino. Kisa hicho kimesimuliwa katika kila mahafali ya chuo hiki, na kila mwaka masharti ya bibi yanaongezeka.

Kilichomtoa wodini na kumpeleka darasani ni mgonjwa mmoja wa mwaka 2007. Wakati huo alikuwa amehamia hospitali nyingine, mjini, akiwa muuguzi kiongozi wa wodi ya wanaume. Mzee Stambuli, mfanyabiashara wa ndizi wa Mkuyuni, aliletwa na binti yake Zuhura kwa homa na kifua. Alikuwa na miaka sabini na minane na akili zake timamu. Siku ya kwanza aliwatajia wauguzi majina ya wajukuu zake wote. Siku ya pili akabadilika. Aling'oa dripu, akaongea na ukuta, akampiga muuguzi kofi. Daktari alipita haraka, na kwenye faili likaandikwa neno moja: uzee. Zuhura akaambiwa ndiyo hali yenyewe, baba amechoka. Eufrazia, mwenye wagonjwa hamsini na wauguzi wawili, alitoa ruhusa mzee afungwe mikono kwa bandeji kwenye vyuma vya kitanda.

Siku ya tatu asubuhi alikuwa akimwogesha yeye mwenyewe, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine. Mkono wake ukapita chini ya kitovu, ukakuta tumbo gumu, limejaa kama boga. Mzee hakuwa amekojoa tangu alipobadilika. Akawekewa mpira, ukatoka mkojo wa zaidi ya lita moja na nusu. Kesho yake Mzee Stambuli aliuliza viatu vyake viko wapi, kisha akaomba kumwona mkubwa wa wodi.

"Wewe ndiye mkubwa hapa?" alimuuliza.

"Ndiyo, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Nilisema mkojo umenibana. Nilisema mara nyingi. Niambie, nilikuwa namwambia nani?"

Alikuwa amesema kwa Kiluguru. Wauguzi wawili wa zamu hawakukijua. Eufrazia, ambaye Kiluguru ni lugha aliyonyonya kwa mama, alikuwa amepita kando ya kitanda hicho mara kumi kwa siku na hakusimama hata mara moja kusikiliza. Alimwomba radhi mzee na binti yake siku hiyo hiyo, kisha akaenda ofisi ya matroni akaeleza kwa maandishi kwamba ruhusa ya kumfunga ilikuwa yake. Mzee Stambuli alirudi Mkuyuni akauza ndizi kwa miaka minne zaidi. Kila alipokuja mjini alipita wodini kumsalimu, na Sista anasema kila salamu ilimpa aibu upya.

Akiwa na miaka arobaini na minne akarudi shule. Alianza shahada ya kwanza akiwa mwanafunzi mkubwa kuliko wahadhiri wake wawili. Baadaye akapata nafasi ya kusomea shahada ya uzamili ya uuguzi wa wazee huko Afrika Kusini. Alibeba kilo nne za maharage ya Mgeta ambazo maofisa wa uwanja wa ndege wa Johannesburg walizichukua, na mpaka leo habari za nchi ile hazisimulii bila kuanzia kwenye maharage.

Aliporudi alikuja na wazo moja: wauguzi wenye shahada wasome mwaka mzima kumhudumia mzee tu. Andiko lake lilirudishwa mara tatu. Mjumbe mmoja wa kikao aliuliza kwa nini mzee ahitaji muuguzi wa stashahada ya uzamili wakati wajukuu wapo. Sista Eufrazia akamjibu kwamba mjukuu hajui kwa nini babu ameacha kula, na kwamba yeye mwenyewe, baada ya miaka kumi na tisa ya kazi, hakujua kwa nini mzee mmoja ameanza kuongea na ukuta. Andiko likapita mwaka 2017. Darasa la kwanza lilikuwa na wanafunzi wanne, na chumba chao kilikuwa stoo ya vitanda vibovu.

Niliingia darasa la pili. Wiki ya kwanza alituwekea pamba masikioni, akatupaka mafuta mazito kwenye miwani, akatia punje za mahindi ndani ya viatu vyetu, halafu akatutuma kwenda kuchukua faili mapokezi, kujaza fomu, na kurudi. Mwenzetu mmoja alipotea kwenye korido ya jengo alilofanya kazi miaka sita. Mwingine aligombana na mhudumu wa mapokezi aliyemwambia "bibi, sogea." Tulirudi tumekasirika, tumechoka, na hatukuwa tumeletewa kiti na mtu yeyote. "Haya," alisema, "sasa tunaweza kuanza."

Alikuwa na sheria chache. Mzee anaamkiwa kwanza, anaguswa baadaye. Dawa zote za nyumbani zinamwagwa mezani na kuhesabiwa, zikiwemo zile za jirani. Na maneno "uzee tu" hayaandikwi kwenye faili la mgonjwa, hayatamkwi mbele ya ndugu, hayafikiriwi mpaka kila kitu kingine kimetafutwa na kukosekana. Aliyeyatamka darasani alitumwa kusimama nje dakika tano atafakari. Nilisimama mara mbili.

Tangu hapo wamehitimu wauguzi arobaini na mmoja. Wako Ifakara, Kilosa, Mahenge, Dodoma, na mmoja yuko Matombo, ambako hupanda mlima kila Jumatano kuwaona wazee ishirini na sita wasioweza kushuka. Hayo yangetosha kwa wasifu, na rasimu yangu ya kwanza iliishia hapa.

Sasa mwaka jana.

Mwanzoni mwa 2024 chuo kilipata barua kwamba ithibati ya programu yetu itakaguliwa Machi 2025. Sharti moja lilitutisha: lazima wawepo wakufunzi wawili wenye shahada ya uzamili ya fani hii. Tulikuwa na mmoja, naye anastaafu Juni. Wa pili nilitakiwa kuwa mimi. Nilikuwa mkufunzi msaidizi tangu 2020, ninasoma uzamili Dar es Salaam, utafiti wangu umekwama katikati. Bila mimi kumaliza kwa wakati, hakuna darasa jipya. Nilibeba jambo hilo kila mahali; nilikuwa nikiosha vyombo nasahau kama nimeosha.

Agosti, Sista Eufrazia akaanza kubadilika.

Mambo yenyewe yalikuwa madogo. Mtihani wa majaribio ulitoka na swali moja limeandikwa mara mbili. Akamwita mwanafunzi wetu Raya kwa jina la mhitimu wa miaka mitano nyuma, akarekebishwa, akarudia. Alijikwaa ngazi za maktaba, akasema ni viatu. Siku moja alinipigia simu asubuhi akiwa Kihonda, mtaa anaoishi peke yake tangu watoto wake wahamie Dar, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa kituo cha kushukia hapa chuoni kinaitwaje. Nikamtajia. Akashukuru, akakata.

Kazi yangu ni kugundua jambo la namna hiyo kwa watu wengine. Kwake nilifanya kinyume. Nilianza kupita ofisini kwake kabla ya saa mbili nikirekebisha ratiba aliyokosea. Nilijumlisha alama upya. Wanafunzi walipouliza, nilisema Madamu ana mambo mengi. Nilijiambia namlinda, ila ukweli ni kwamba niliogopa. Niliogopa dimenshia, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu usio na tiba, tunaoufundisha muhula mzima wa pili. Niliogopa pia ukaguzi, na nasema hili kwa aibu. Nilificha hivyo kwa miezi miwili.

Tarehe 29 Oktoba alikuwa akifundisha kupima kumbukumbu. Kipimo ni rahisi: mgonjwa anapewa maneno matatu, anapewa kazi nyingine ya dakika tano, kisha anaulizwa maneno yale. Aliwapa wanafunzi ndizi, kengele na mkeka. Dakika tano zilipopita akamuuliza Yunusi, mwanafunzi kutoka Mazimbu, kijana makini asiyekosea.

"Ndizi, kengele, mkeka," alisema Yunusi.

"Hapana, Yunusi. La tatu umekosa."

Yunusi akatazama daftari lake. Wengine wakatazama madaftari yao. Nilikuwa nimekaa nyuma, na niliona Sista Eufrazia akiwapitia wote mmoja mmoja usoni, kama anavyofundisha kumsoma ndugu wa mgonjwa anayeficha kitu.

"Niliwapa neno gani?" akauliza.

Raya ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini sana, "Mkeka, Madamu."

"Ahsante, mwanangu." Akafunga kitabu. "Tumemaliza kwa leo."

Akanipita mlangoni bila kunitazama, na nikamfuata hadi ofisini. Aliketi, akavua miwani.

"Funga mlango. Toa karatasi. Nipime."

"Madamu, mimi siwezi."

"Kwa nini?"

"Wewe ni mwalimu wangu. Twende kwa daktari, nitakusindikiza."

"Kwa daktari tutakwenda. Lakini kipimo hiki nimewafundisha watu arobaini na mmoja. Kama hakuna hata mmoja anayeweza kunipima mimi, basi nilikuwa napoteza muda wenu." Halafu akaongeza, kwa upole zaidi, "Umeshaona tangu lini, Pili?"

"Tangu Agosti."

"Na ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

Alitikisa kichwa, hakunigombeza. Nilimpima. Tarehe aliijua, mwaka aliujua. Kuhesabu kurudi nyuma kwa saba kutoka mia kulimshinda mara ya tatu. Nilimwomba achore saa inayoonyesha saa tano na dakika kumi. Alichora duara safi, akaweka namba, kisha kalamu ikasimama na mishale yote miwili ikaishia upande mmoja. Alipata ishirini na moja kati ya thelathini. Kwa mtu mwenye elimu yake, sote wawili tulijua maana ya namba hiyo.

Aliitazama saa yake kwenye karatasi. "Basi," alisema. "Uzee tu huu. Umekuja mapema kidogo."

Sijui ujasiri ulitoka wapi. "Madamu," nikamwambia, "maneno hayo hayatamkwi. Simama nje dakika tano."

Alinitazama kwa mshangao, kisha akacheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka. Nikavuta kiti mbele yake, nikaanza pale anapotufundisha kuanzia. Nikamwomba atoe mkoba, amwage dawa zote mezani. Zilikuwa mbili: za presha, na vidonge vya kisukari alivyokuwa akinywa kwa miaka kumi na minne. Nikamuuliza kuhusu ngazi za maktaba.

"Viatu," akasema.

"Madamu."

"Nyayo zina ganzi. Tangu Pasaka. Nilidhani ni kisukari kimefika miguuni."

Nikamuuliza ulimi. Ulikuwa ukimwuma akila pilipili, naye ni mtu wa pilipili. Nikamuuliza mara ya mwisho kupimwa vitamini B12 ni lini. Hapo akavaa miwani, na nikaona mwalimu wangu amerudi nyuma ya macho yake anafikiri. Vidonge vile, vikitumika miaka mingi, vinaweza kumzuia mtu asiipate vitamini hiyo kutoka kwenye chakula. Ikipungua sana, miguu inakufa ganzi na akili inafifia. Somo hilo lipo kwenye juma la saba. Ameliandika yeye.

"Inawezekana," alisema.

"Inawezekana."

"Na inawezekana ikawa ni hiyo pamoja na ule ugonjwa mwingine."

"Ndiyo, Madamu. Inawezekana."

Damu ilichukuliwa kesho yake na kupelekwa Dar es Salaam. Tulisubiri siku tisa. Sitaki kuzipamba siku hizo. Aliacha kufundisha kwa hiari yake. Alikaa ofisini akiandika mihadhara yake yote kwa mkono, moja baada ya nyingine, kama mtu anayehamisha vitu kutoka kwenye nyumba inayovuja. Aliweka lebo kwenye makabati. Aliandika namba za wanawe kwenye kadi akaitia kwenye pochi. Nilipomletea chai siku ya sita aliniambia niketi.

"Kama ni ule ugonjwa tunaoufundisha," alisema, "siku itafika nitasimama mbele ya wanafunzi nisijue kwamba nimepotea. Mtu wa namna hiyo hajijui. Utaniambia?"

"Nitakuambia."

"Hata kama nitakukasirikia?"

"Hata kama."

"Sema tena, nikusikie vizuri."

Nikasema tena. Tukanywa chai. Nilirudi kwenye meza yangu, ambako sura ya nne ya utafiti ilikuwa bado haijaisha, na sikuandika hata sentensi moja.

Majibu yalikuja Ijumaa. B12 ilikuwa chini sana. Daktari alisema hajaona namba ndogo hivyo kwa mtu anayetembea kwa miguu yake. Nilitaka kushangilia, akanizuia kwa mkono. Daktari akaeleza kwa tahadhari kwamba atachomwa sindano, atapimwa tena baada ya miezi mitano, na kwamba kilichoharibika kinaweza kurudi chote, au nusu, au kikaonekana kilichokuwa kimejificha nyuma yake. Hakuna aliyeweza kutuambia ni kipi.

Jumatatu alikwenda kwa Mkuu wa Chuo, Dk. Castory Mbena, akamweleza kila kitu. Niliitwa katikati ya mazungumzo. Dk. Castory ni mtu mwema na alikuwa na hofu kama sisi.

"Sista," alisema, "nakuheshimu sana. Lakini wakaguzi wanakuja Machi. Hii ni afya yako, ni siri yako. Si lazima isemwe."

"Wasipouliza sitasema," alijibu. "Wakiuliza kwa nini sifundishi, sitawadanganya. Nafundisha watu wasiandike uongo kwenye faili."

"Na programu ikifungwa?"

"Hilo ndilo linaloninyima raha," alisema.

Kuanzia Novemba nilifundisha masomo yake, naye akakaa nyuma nilikokuwa nakaa mimi. Mchana alisoma utafiti wangu. Umakini wake ulikuwa bado hafifu, kwa hiyo alisoma kurasa tatu tu kwa siku, kwa sauti, akiweka rula chini ya kila mstari, na makosa aliyoyakamata sikuyaona mimi wala msimamizi wangu. Siku nyingine alisoma ukurasa wa jana bila kukumbuka. Sikumwambia, kisha nikakumbuka nilichoahidi, nikamwambia. Alikunja uso, akafungua ukurasa mpya. Niliwasilisha Januari. Nilitetea utafiti wangu tarehe 24 Februari, na barua ya kufaulu ikafika chuoni Jumatatu ya Machi 10. Wakaguzi walifika Jumatano.

Kiongozi wao alikuwa Bi. Judith, mama mtaratibu mwenye miwani ya kamba, aliyesoma kila karatasi. Saa sita mchana akainua kichwa.

"Sista Kobero, mratibu ni wewe. Tangu Novemba hakuna saini yako kwenye daftari la vipindi. Kuna nini?"

Dk. Castory alitazama meza. Mimi nilishika ukingo wa kiti.

"Nilianza kupoteza kumbukumbu," alisema Sista Eufrazia. "Nikapimwa, ikaonekana B12 imeshuka. Nimo kwenye matibabu. Sijapimwa tena, kwa hiyo sijui nimefikia wapi. Mtu asiyejua amefikia wapi hafai kufundisha wengine kupima."

Bi. Judith akaweka kalamu chini. "Nani aligundua?"

"Huyu hapa," akasema, akanionyesha. "Alisoma kwetu."

Bi. Judith aliandika kwa muda mrefu, akageuza ukurasa, akaandika tena. Hakutuambia kitu siku hiyo. Barua ilikuja baada ya wiki tano. Programu imepewa ithibati ya miaka miwili badala ya mitano, kwa sharti kwamba mkufunzi wa pili, wa kuchukua nafasi ya Sista, apatikane kabla ya Desemba ijayo. Hatuna bado. Tumetangaza nafasi mara mbili. Atakayesoma ukurasa huu na ana sifa, tafadhali asingoje kuombwa.

Aprili nilimpima tena. Alipata ishirini na sita. Saa aliichora na mishale ikakaa inapotakiwa. Nyayo bado zina ganzi kidogo, na yapo majina ambayo hayajarudi. Raya anaendelea kuitwa kwa majina mawili na anaitika yote. Daktari anasema ni maendeleo makubwa. Hasemi zaidi, nasi tumeacha kumlazimisha. Kipimo kinachofuata ni Oktoba.

Mei alirudi mbele ya darasa kwa vipindi sita vya mwisho, mimi nikiwa nyuma na daftari. Aliwasimulia wanafunzi ugonjwa wake kama kisa cha mgonjwa, wa kike, miaka hamsini na tisa, anaishi peke yake, akawauliza wangeanzia wapi. Yunusi alisema angeanza na kichwa. Madamu akamwambia aanze na mkoba wa dawa. Mwisho wa kipindi ndipo alipowaambia mgonjwa ni nani, ingawa wote walikuwa wanajua.

Mafanikio yake mengine yameorodheshwa na ofisi ya utumishi mwishoni mwa kitabu hiki, pamoja na vyeti na tarehe. Mimi nitataja moja tu lisilo kwenye orodha. Tangu Januari, kila mfanyakazi wa chuo hiki mwenye miaka zaidi ya hamsini anakaguliwa dawa zake na kupimwa damu mara moja kwa mwaka, kuanzia Mkuu wa Chuo hadi walinzi wa geti. Dk. Castory alijitolea kuwa wa kwanza. Alikutwa anakunywa dawa mbili za kazi moja.

Sista Eufrazia anarudi Nyandira, kwa mama yake, Bibi Magdalena, mwenye miaka themanini na mitano, ambaye bado anapalilia njegere zake mwenyewe. Wiki iliyopita nilikuwepo alipompigia simu kumweleza kwamba anakuja kukaa naye ili amtunze. Simu ilikuwa kwenye spika. Bibi Magdalena alisikiliza hadi mwisho.

"Nimesikia ulikuwa unaumwa kichwa," alisema.

"Nimepata nafuu, mama."

"Basi njoo. Chumba chako nimekifagia. Tutaangalia huku huku nani anamtunza nani."

Kwa niaba ya wakufunzi, wanafunzi na wahitimu arobaini na mmoja, tunakushukuru, Sista. Tunakushukuru kwa kututia punje viatuni, kwa kalamu nyekundu, na kwa kukubali kuwa mgonjwa mbele ya macho yetu ili tujifunze. Tunakuombea miaka mingi, miguu iliyo imara kwenye miteremko ya Mgeta, na asubuhi zenye majina yote mahali pake. Nasi huku Oktoba tunapokea wanafunzi saba. Nina hofu, sikufichi. Darasa litaanza saa mbili kamili.

Pili Abdulatif
Mkufunzi, Uuguzi wa Wazee